Mjapani Wetu na Nyota ya Espoir

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za chumba cha kufulia, na kesho yake nikalala mpaka jua likanikuta kitandani. Mke wangu, Mama Neema, alikuja akanigusa paji la uso akidhani nimeugua. Sikuwa mgonjwa. Ilikuwa tu mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuamka bila kujiuliza kama soksi za kipa zimekauka. Nyinyi vijana mnaobaki na zile mashine mliniomba niwaachie maneno mawili matatu, na kwa kuwa mimi nikipewa kipaza sauti huanza kuomba badala ya kuhutubia, nimeona heri niandike. Habari za mshahara sitaziandika. Mnazijua, na hazina utamu.

Mimi ni Mrundi wa kambini. Nilivuka mpaka kuingia Tanzania nikiwa nimeshikwa mkono na mama, nikatoka Kigoma nikiwa baba wa watoto wanne, tukapandishwa ndege hadi Louisville, mji ambao hata wenyeji wenyewe hawakubaliani jinsi ya kuutamka. Kazi ya kwanza ilikuwa ghalani, kupanga vifurushi. Nilikuwa nimeanza kuyazoea maumivu ya kiuno pale mchungaji wetu aliponiambia kuna timu ya mpira wa miguu inatafuta mtu wa kufua jezi na kutunza viatu. Nilidhani ananitania. Kule kambini timu nzima ilikuwa na seti moja ya jezi, na aliyezifua ni dada yake nahodha, malipo yake yakiwa kuangalia mechi bila kusukumwa.

Siku ya kwanza nilipokewa na mzee Mmarekani aliyeitwa Walt. Akaniuliza jina, nikasema Zakayo, akasema sawa, Zack, na hilo ndilo lililobandikwa mlangoni. Walt alifundisha kwa kidole zaidi ya mdomo. Soksi hugeuzwa ndani nje kabla ya kuingia kwenye mashine, la sivyo nyasi zinabaki humo humo na mtu anajikuna uwanjani. Doa la nyasi halitaki maji ya moto. Ukilimwagia ya moto, umelioa. Glavu za kipa hazikaushwi kwa mashine hata kipa akulilie. Viatu vikilowa usivisogeze kwenye joto, ngozi itapasuka. Vijaze magazeti, na magazeti yakilowa yabadilishe. Safari ya mbali, kitakachohitajika kwanza kipakie mwisho. Siku aliyonikabidhi chumba aliongeza jambo moja tu. "Zack," akasema, "mchezaji akikosa soksi, kosa ni lako. Akikosa goli, kosa ni lake. Usichanganye." Nilichanganya mara nyingi, hasa msimu ule wa Naoki.

Naoki alikuja mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, kama sikosei, mwezi ambao Louisville barafu bado imejificha kwenye vivuli vya majengo. Mjapani mwembamba, winga wa kulia, umri sawa na mwanangu wa pili. Kwao alikuwa ameachwa na timu ya daraja la pili, na baba yake alishampa neno la mwisho: mpira ukishindikana hata Marekani, arudi akafanye kazi kiwandani kwa mjomba. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona siku ya kwanza ni kwamba baada ya mazoezi wenzake wote walitupa njumu zao kwenye pipa langu kama kawaida, yeye akapita na zake mkononi, akainama kidogo, akaenda kuketi kwenye ngazi za nje na brashi yake mwenyewe.

Nilimfuata nikamwambia hiyo ni kazi yangu. Akasimama, akainama tena, akasema asante, hapana. Kesho yake vile vile. Sasa nyinyi mliozaliwa huku mtaona ni jambo dogo. Sisi tuliocheza mpira kule Maziwa Makuu tunajua maana ya mtu asiyetaka viatu vyake viguswe. Kuna mawili: ama anaogopa utamroga, ama tayari ameweka kitu humo ndani. Kambini nimeona timu ikiruka uzio badala ya kupita getini, eti getini pamefukiwa dawa. Nimeona kipa akinusurika kupigwa kwa sababu ya kitambaa alichokiacha nyuma ya goli, na kilikuwa kitambaa cha kufutia kamasi. Mimi ni mzee wa kanisa. Kudhaniwa mchawi na mtoto wa Kijapani kuliniuma, nasema kweli.

Basi nikamuuliza. Kiingereza chake na changu vilikuwa vya dharura tu, lakini tulielewana. Tangu akiwa mdogo, kocha wao aliwafundisha kwamba mtu husafisha viatu vyake mwenyewe, kwa sababu vimemfanyia kazi siku nzima. "Ninaviambia asante," akasema, huku anavipigapiga kisigino. Moyo wangu ukatulia. Nikamwazima brashi yangu ya manyoya ya farasi, ile ambayo Walt alinikataza kumpa mtu yeyote.

Kwa mashabiki alikuwa bado si kitu. Mnaijua ile mashine ya kubandika majina kwenye jezi. Ukitaka kujua nani anapendwa, usisome mtandaoni, angalia herufi gani zinaisha kwenye kabati. Herufi za Naoki zilikaa mpaka gundi ikataka kukauka. Wamarekani walimpenda kwa adabu, yaani walimpigia makofi akitoka. Herufi zilizoisha ni za Espoir. Huyu alikuwa mshambuliaji wetu wa kati, kijana wa milima ya Kivu Kusini, mrefu, mcheshi, ambaye familia yake ilipelekwa Buffalo naye akafuata mpira Louisville. Watu wetu walimwona wao. Jumapili baada ya ibada, akina mama walimwekea sahani kabla ya mchungaji, na mchungaji hakulalamika.

Sasa tuje kwa shemeji yangu. Bahati, kaka yake Mama Neema, anakaa Linden, mtaa mmoja wa mji wa Columbus, na simu yake haijui kupumzika. Nilimsimulia habari za Mjapani anayeviambia viatu asante. Kwangu ilikuwa hadithi ya adabu njema.

"Anaongea na viatu?" Bahati akauliza.

"Anavishukuru tu, shemeji."

"Na vinamjibu?"

"Shemeji, acha."

Hakuacha. Kabla ya wiki kwisha, maghorofa yote ya Whitehall, kando ya Columbus, wanakokaa watu wetu yalijua kwamba Louisville imeleta Mjapani anayeongea na viatu vyake kabla havijafunga magoli. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na Bahati hulisaidia kuja.

Tulipokwenda kucheza Columbus, upande mzima wa uwanja ulijaa watu wetu. Walikuwapo Wakongo, Warundi, na Wakenya wachache waliokuja kuhakikisha. Naoki akapewa mpira wa adhabu, akauweka, akauinamia kidogo kama ilivyo desturi yake, akaupiga ukapita juu ya ukuta wa mabeki na kuingia kona ya juu. Ule upande wetu ulilipuka. "Mganga! Mganga!" Naye hakujua kinachosemwa, akawaendea na kuwainamia, kushoto, katikati, kulia. Basi tena. Baada ya mechi hakufika kwenye basi mpaka amepigwa picha na kila mtoto wa Linden. Kwao hakuna aliyemjua, Louisville alijulikana nusunusu, lakini Whitehall kuanzia siku ile asingeweza kununua mkate kwa amani. Aliniuliza mganga ni nini. Nikamwambia ni mtu anayeponya watu, akafurahi.

Mimi nilikuwa nakusanya chupa za maji, nikamwona Espoir amesimama peke yake katikati ya uwanja. Wale waliokuwa wanaimba walikuwa watu wa milima yake. Miaka yote walikuwa wakija kwa ajili yake yeye. Ndani ya basi hakumtania mtu, na Espoir asipotania ujue kuna kitu.

Mechi zilizofuata hakufunga. Alikuwa anakosa magoli ambayo hata mimi na goti langu hili ningefunga. Halafu siku moja akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akasimama kati ya mashine mbili zinazozunguka ili watu wa nje wasisikie.

"Papa Zakayo," akasema, "mu viatu ya ule Mujapani muko makaratasi. Ya kukunja. Nilionaka na macho yangu."

"Ni magazeti, mwanangu. Yanakausha viatu. Hata vyako mimi huvijaza."

"Vyangu unaweka gazeti ya hapa. Ile yake iko na maandiko ya kuchora-chora."

"Ni Kijapani."

"Weye unasomaka Kijapani?"

Kijapani sisomi.

"Bon," akasema. "Toka alikuya, mimi sifungi. Na bantu ya kwetu, ya milimani, banaita yeye. Donc huyu anaiba nyota yangu, Papa."

Kwa wale msiojua, kwetu watu husema kila mtu ana nyota yake, ndiyo inayomfanya apendwe na apate riziki, na kwamba kuna wanaojua kuichukua. Mchungaji hukemea mambo hayo, watu huitikia amina kwa sauti, kisha hurudi nyumbani na imani zao zote mbili. Na karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi usiyoyajua, ikifichwa ndani ya kitu cha mtu, kwetu ina jina moja tu, hirizi. Nilimwambia Espoir kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hakucheka. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeniona mzee nisiyeona hatari iliyomo chumbani mwangu, akaondoka.

Kuanzia hapo hakumpa Naoki mpira. Ukikaa benchi na chupa za maji unaona mambo ambayo walio jukwaani hawayaoni. Espoir akipata mpira, kulia kuko wazi kabisa, Naoki ameinua mkono, mpira unakwenda kushoto. Mara ya kwanza, mara ya pili, kila mara. Mabeki nao wakajifunza kwa kuangalia. Winga asiyepewa mpira anakuwa mtu anayekimbia mazoezi wakati wenzake wanacheza mechi. Kocha akaona hafanyi kitu, akamweka benchi, karibu yangu. Naoki hakulalamika. Alianza kuchelewa kula, akakonda zaidi, na viatu vyake akawa anavisafisha hata siku ambazo hakuvichezea.

Siku moja, tukiwa tunakunja taulo, aliniambia. Wakati huo alishaanza kuniita Baba, kwa kuwa ndivyo alivyosikia wengine wakiniita. "Baba, mkurugenzi ameniita. Wataamua baada ya Buffalo." Ukiondoka mkataba, viza nayo inaondoka. Ilikuwa imebaki safari moja, na mwisho wake ama anabaki mchezaji, ama anapanda ndege kwenda kiwandani kwa mjomba. Alisema hayo taratibu, huku anaendelea kukunja. Mimi ndiye niliyesimama na taulo mkononi.

Nilijaribu kwa kocha. Nikamwambia Espoir hampi Naoki mpira kwa sababu anaogopa.

"Anaogopa nini?"

"Karatasi."

Kocha aliniuliza kama nimelala vizuri. Simlaumu. Kuna mambo hayatafsiriki kwa Kiingereza bila mtu kukuonea huruma. Na Naoki mwenyewe ungemwambia nini? Kwamba maisha yake yote yamening'inia kwenye gazeti? Nilikosa raha. Mama Neema akachoka kuniona nikizunguka jikoni, akasema jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa msimu ule: mtoto ana mama, mpigie mama yake.

Mama Espoir alikuwa mjane, anakaa Riverside kule Buffalo, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Nilimpigia nikamweleza yote, hata mambo ya Whitehall na uganga. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Bon," akasema mwishoni. "Mukifika, unileteye bote wawili. Na huyo Mujapani akuye na viatu yake."

Tulifika Buffalo siku moja kabla ya mechi, mchana. Kocha aliniruhusu kwa sharti kwamba niwarudishe hotelini mapema na wasile pilipili. Espoir alipoona Naoki anapanda gari lile lile, akataka kushuka. Nikamwambia ni amri ya mama yake, akakaa, lakini alikaa mbele na akafungua dirisha.

Nyumba ya Mama Espoir ni ya mbao, ndogo, karibu na mto, na siku hiyo ilikuwa imejaa majirani wa milimani waliokuja kumsalimia mtoto wao. Viatu vyao vilikuwa vimerundikwa mlangoni kama ilivyo kawaida yetu, kimoja huku, kingine kule. Naoki akavua vyake. Halafu akapiga magoti, akaanza kuvipanga viatu vya watu. Jozi kwa jozi, ncha zikitazama nje. Nilitamani sakafu inimeze. Wanawake wawili waliokuwa wanapeleka sombe ya majani ya muhogo mezani walisimama na sufuria mikononi. Mmoja akaita kwa sauti ndogo, "Yesu." Espoir aliniangalia, na macho yake yalisema, si nilikwambia.

Mama Espoir akatoka jikoni anafuta mikono. "Muulize anafanya nini."

Nikamuuliza. Naoki akaona aibu, akasema samahani, kwao hufanya hivyo ili mgeni akiondoka aingize miguu tu, asihangaike kuvigeuza. Nikatafsiri. Mama Espoir akavitazama vile viatu muda mrefu, vimejipanga vizuri kuliko watoto wa shule.

"Muzuri," akasema. "Sasa aniletee vile vya mpira."

Naoki alivitoa kwenye mfuko wake, akampa kwa mikono miwili. Mama Espoir akaketi, akaweka kiatu kimoja mapajani, akatumbukiza mkono ndani mpaka kwenye ncha. Mwanawe akasema, "Mama, acha," na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Yeye akatoa ile karatasi, akaikunjua, akaisawazisha juu ya meza kati ya ugali na samaki. Maandishi yalikuwa ya kuchora-chora kweli, meusi na mekundu.

"Asome," akaniamuru. "Neno kwa neno. Na weye usifiche."

Naoki hakuelewa kwa nini watu wote wanakodolea gazeti lake, lakini alikuwa mtoto mtii. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu akasoma kwa Kijapani, kisha akaniambia kwa Kiingereza, nami nikasema kwa Kiswahili. Lilikuwa tangazo la duka. Mayai. Samaki wa kukaanga. Figili nyeupe ndefu. Karatasi za chooni, ukichukua mbili ya tatu bure.

"Mayai?" akauliza Mama Espoir.

"Mayai, mama."

"Na karatasi ya choo?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mwanawe. "Espoir. Kuya hapa. Nyota yako banaiuzisha wapi? Nionyeshe."

Mtu mmoja nyuma alikohoa, na kikohozi kile kikageuka kicheko, na kicheko kikazunguka nyumba nzima. Espoir peke yake hakucheka. Akauliza, kwa Kiingereza, upande wa pili pameandikwa nini. Naoki akaligeuza. Palikuwa na hali ya hewa ya mkoa wao, mvua siku tatu mfululizo, na picha ya watoto wa shule wameshika viazi. Naoki akaeleza kwamba mama yake humtumia chai na tambi, na huzifunga kwa magazeti ya nyumbani. Yeye hayatupi. Viatu vinakauka kwa gazeti lolote, alijua hivyo, lakini haya yananukia jikoni kwao.

Nilipotafsiri hilo, Mama Espoir aliacha kucheka. Akalikunja gazeti taratibu, akifuata mikunjo ile ile ya mwanzo, akalirudisha ndani ya kiatu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote. "Ni ya mama yake," akawaambia majirani, na ilikuwa kama amesoma hukumu. Kisha akamwambia Espoir, si kwa ukali, na hayo sitayasahau: "Weye unatumika usiku mu depo, asubui unaenda ku mpira. Unalala saa ngapi? Mulozi yako, ule anakuroga, ni usingizi, mwanangu. Kama ni juu yangu unatumika vile, vraiment, acha. Mimi niko na kazi."

Hapo ndipo nilipojua, na timu nzima haikujua, kwamba Espoir alikuwa akifanya kazi ghalani usiku ili amsaidie mama yake. Miezi yote ile alikuwa anaingia uwanjani akiwa macho nusu. Wachezaji wa daraja letu wengi wana kazi ya pili, lakini yeye aliificha, maana nyota hailali ghalani. Alitazama sahani yake, akafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akachukua kipande kikubwa cha samaki, chenye kichwa, akakiweka kwenye sahani ya Naoki. Naoki akainama. Kuanzia hapo walikula, na mimi nikapata hamu ya kula kwa mara ya kwanza tangu siku ya taulo.

Kesho yake kocha hakumwanzisha Naoki. Nilikaa naye benchi kipindi chote cha kwanza na sina kumbukumbu yoyote ya kipindi hicho isipokuwa yeye akifunga na kufungua kamba za viatu. Kipindi cha pili kilipokaribia katikati, winga aliyekuwa anacheza akakanyagwa, Naoki akaingia. Espoir akapata mpira. Kulia kulikuwa wazi. Akatazama kushoto, na mimi nikafumba macho, mzee wa kanisa mzima. Nilipofumbua, mpira ulikuwa unakwenda kulia. Naoki akakimbia nao mpaka karibu na mstari, akaurudisha katikati, na Espoir akafunga kwa ugoko. Goli baya kabisa. Katika kazi yangu yote sijaona zuri zaidi. Wakakumbatiana pale chini, na wale watu wa Riverside wakaimba majina yote mawili. Dakika chache baadaye walirudia mchezo ule ule, safari hii Espoir akampa Naoki afunge.

Lakini mkurugenzi hakutoa uamuzi. Alimshika Naoki mkono, akasema amecheza vizuri, akaingia kwenye gari lake. Naoki alirudi chumbani kuvua jezi, nami nikamwambia ageuze soksi.

Tuliondoka Buffalo asubuhi na mapema, na saa sita mchana basi likasimama Whitehall. Bahati alikuwa amemwomba kocha, na kocha, ambaye siku hizo alikuwa mpole, alikubali. Kwenye maegesho ya maghorofa watu walikuwa wametandaza meza, sufuria zinatoa moshi, watoto wanaitana kwa Kiingereza kwamba Mganga kafika. Bahati akanikumbatia akaniambia, "Shemeji, nasikia ilikuwa tangazo la mayai." Nikamwambia hilo nalo alisambaze kwa nguvu zile zile. Nimpe haki yake, alilisambaza.

Tulikuwa tunakula pale simu ya kocha ilipolia. Akasogea nyuma ya basi. Kisha akamwita Naoki kwa kidole. Nilikuwa na sahani mkononi na nikasahau kwamba ni ya moto. Espoir naye aliacha kutafuna. Waliongea kidogo, kocha akamwekea mkono begani, na Naoki akainama. Aliinama sana, na hakuinuka. Nikasema moyoni, basi, wamemfukuza huyu mtoto. Nikaketi juu ya sanduku la jezi.

Alipoinuka alikuja moja kwa moja kwangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akasema kwa Kiswahili, maneno ambayo sijui alijifunza lini, "Baba, ninabaki." Misimu miwili zaidi. Kocha baadaye alituambia kwamba mkurugenzi alipenda magoli, lakini alichouliza kwanza ni wale watu waliokuwa wanaimba wametoka wapi, na kama wanaweza kuja Louisville. Mimi nililia pale pale juu ya sanduku, na namshukuru Mungu hakuna aliyenipiga picha.

Naoki akampigia mama yake. Kwao ulikuwa usiku mkubwa, lakini simu haikulia hata mara mbili. Mama alikuwa macho, anangoja. Tulisikia sauti ya mwanamke, kisha kilio ambacho hakihitaji lugha. Espoir akanivuta mkono.

"Papa, umuambie asilie. Umuambie mutoto wake iko na sisi."

Nikamwambia Naoki kwa Kiingereza, Naoki akamwambia mama kwa Kijapani. Tukangoja. Jibu likarudi kwa njia ile ile, kutoka Kijapani hadi Kiingereza hadi kwangu.

"Anauliza kama mtoto anakula," nikamwambia Espoir.

Espoir akatazama ile meza, sufuria zote zile, na wanawake wa Whitehall waliokuwa wameshika miiko wakisubiri kusikia. Akaichukua simu kutoka mkononi mwa Naoki, akaisogeza mdomoni, akaanza kumweleza yule mama mwenyewe, kwa Kiswahili cha milimani, taratibu, chakula kimoja kimoja: ugali, sombe, samaki, maharage. Mama akawa anaitikia kwa Kijapani, na baada ya kila chakula anauliza kitu, naye Espoir anajibu. Naoki akanitazama, nami nikamtazama. Nilifungua mdomo nitafsiri, nikaona hakuna anayenisubiri. Tangu nifike Marekani, sijawahi kufurahia kukosa kazi kama mchana ule.